Kitabu Kimoja cha Dawa, Wanawake Wawili

Siku ya kwanza niliyotumwa kuchukua dawa za kurudia, nilipanga foleni isiyo yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimetoka kwetu Kabras na kitabu cha babu nimekikumbatia kifuani. Nilipoingia kwenye ua wa kliniki pale Kakamega mjini niliona watu wamesimama kwenye mstari, nami nikasimama nyuma yao. Sikuuliza. Nilisogea nao hatua kwa hatua zaidi ya saa moja, mpaka nikagundua kwamba kila aliyekuwa mbele yangu ameshika kikopo cha mkojo. Ilikuwa foleni ya maabara. Mzee mmoja aligeuka, akaniangalia mikono, akaniuliza changu kiko wapi. Nilitoka nje ya geti nikakaa kwenye jiwe, nikarudi watu walipopungua.

Naanza na siku hiyo kwa sababu mengi yaliyonipata baadaye yalitoka hapo hapo. Sikuweza kuuliza, na sikuweza kusema.

Sasa nina miaka ishirini na minne na kazi yangu imekwisha. Najua mambo ya namna hii huandikwa na watu wenye mvi. Lakini kazi niliyofanya haipo tena, na mtu ambaye kazi yake haipo amestaafu, awe na miaka mingapi. Niliishia darasa la nane na naandika polepole. Naandika ili vijana wanaobebea wazee dawa mahali pengine wajue ilivyokuwa, na wajue habari za nyanya wawili, Kukhu Nafula na Kukhu Mmbone, kwa sababu mimi ndiye niliyezijua kwanza na nikanyamaza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu mwenye presha, au sukari, au kifafa, hapewi dawa mara moja akapona. Anameza kila siku, mwaka hadi mwaka. Daktari akishaamua dawa gani na kiasi gani, mgonjwa hahitaji kumwona kila mwezi. Anahitaji tu kurudishiwa dawa zile zile, na hizo ndizo tulizoziita dawa za kurudia. Pale kliniki, kwenye dirisha la dawa, walisema rifili. Kila mgonjwa alikuwa na kitabu chake, daftari dogo la kurasa thelathini na mbili lililovalishwa nailoni. Mle ndani daktari aliandika dawa, na chini yake herufi tatu, TCA, maana yake tarehe ya kurudi.

Kuagiza kulikuwa Jumanne na kuchukua kulikuwa Alhamisi. Jumanne, kabla ya saa tatu asubuhi, vitabu vilitumbukizwa kwenye sanduku la mbao lililokuwa kando ya dirisha. Ndani ya kila kitabu ziliwekwa stripu tupu, yaani zile karatasi za bati ambazo vidonge vimetolewa, ili waone kwamba mgonjwa amemeza. Sista Mkuu alivipitia vyote, akatenga wale ambao zamu yao ya kupimwa upya imefika, vingine akampelekea Daktari kutia sahihi. Alhamisi dawa zilikuwa tayari kwenye bahasha ndogo za karatasi, zimeandikwa moja mara moja, au moja mara mbili, au mbili mara tatu. Namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Ukizigeuza umemuua mtu. Kila baada ya miezi mitatu mgonjwa mwenyewe alipaswa kufika apimwe. Miezi mingine angeweza kumtuma mtu.

Mimi ndiye niliyekuwa mtu huyo. Nilianza na kitabu cha babu peke yake. Mwezi wa pili jirani akasema kwa kuwa naenda, nibebe na chake. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa na vitabu kumi na vinne, vya wazee ambao miguu yao haikuweza kufika barabarani, au ambao watoto wao walikuwa wakikata miwa na hawawezi kuacha zamu. Nilivifunga kwa mipira kufuatana na njia ninayopita kurudi, ili nisirudi nyuma. Nilivitia kwenye mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu kwetu mvua ya alasiri haikosi na wino ukilowa, mbili inakuwa kitu ambacho hata Daktari mwenyewe hakijui.

Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Karani wa Mapokezi. Alikuwa kijana, hakunizidi kwa miaka mingi, anavaa miwani nyeusi juu ya kichwa hata siku za mawingu. Aliniita Mama Vitabu. Kila Jumanne aliniuliza leo nimeleta watoto wangapi, na kama wote wamekunywa uji. Watu kwenye benchi walicheka. Mimi niliinamisha kichwa nikamsukumia vitabu. Ilimchukua miezi kadhaa kujua kwamba jina langu ni Metrine, na alipojua akaliacha akarudi kwenye Mama Vitabu.

Mkubwa wa pili na wa kweli alikuwa Sista Mkuu. Alikuwa mama mnene wa makamo, mwenye sauti ya kanisani, na kalamu tatu mfukoni za rangi tatu. Nyekundu ilikuwa ya kubadilisha dawa. Ukiona wino mwekundu kwenye kitabu ujue kuna kipya na lazima ukaeleze nyumbani. Siku moja aliniita nyuma ya pazia akaniuliza mzee fulani wa kwetu anaendeleaje na miguu, kama bado inavimba. Nilijua inavimba, nilikuwa nimeiona jana yake. Nikasema sijui. Alivua miwani.

"Metrine, wewe ni mtoto mwenye heshima sana," alisema. "Lakini hapa sihitaji mwenye heshima. Mimi naona vitabu, wewe unaona watu. Usiponiambia, mimi natibu karatasi."

Nikasema ndiyo, Sista. Kisha nikatoka bila kumwambia juu ya miguu ya yule mzee. Nilimwambia Jumanne iliyofuata, kwa kuandika kwenye kipande cha karatasi nilichokitia ndani ya kitabu. Alikisoma akacheka peke yake, na tangu hapo hiyo ikawa desturi yetu. Kile ambacho mdomo wangu haukuweza, nilikiandika. Alikuwa akiniambia hati yangu ni kama ya mtu anayechonga, lakini inasomeka.

Kwa hiyo sikuwa na udhuru. Njia ya kusema nilipewa.

Kukhu Nafula na Kukhu Mmbone walikuwa wake wenza. Mume wao alikufa zamani, kabla sijazaliwa, akawaachia boma moja lenye nyumba mbili zinazotazamana. Watu walitarajia watagombana mpaka kufa. Badala yake walizeeka pamoja kama dada. Nafula, mke mkubwa, alikuwa mrefu na mwepesi wa maneno. Mmbone alitoka Maragoli, mfupi, mweusi tititi, anacheka kabla hujamaliza unachosema. Walikuwa wakipikiana kwa zamu, leo jiko hili kesho lile, na usuma, yaani ugali, uliosongwa na mmoja ulisifiwa na mwingine kwa matusi. "Huu ni usuma ama ni udongo wa kukandika?" Nafula angeuliza, huku akimega donge la tatu.

Jumapili moja wahudumu wa afya walikuja kanisani kupima watu presha baada ya ibada. Wote wawili walikutwa nayo, na ya Mmbone ilikuwa juu kuliko ya Nafula. Wakaambiwa waende kliniki wafunguliwe vitabu. Nafula alikuwa na kitambulisho na bima ya afya ambayo mwanawe alimlipia, akafunguliwa. Mmbone hakuwa na kitambulisho. Chake kiliungua siku moto ulipokula paa la jiko lake, na alipokwenda kuomba kingine, mashine ilikataa vidole vyake. Alivibandika kwenye kioo, vikafutwa kwa kitambaa, vikapakwa mafuta, vikabandikwa tena. Hakukuwa na alama. Miaka arobaini ya kupalilia miwa na kufua ilikuwa imezila zote. Alirudi mara tatu. Mara ya tatu kijana wa mashine alimwambia apumzishe mikono mwezi mmoja isifanye kazi yoyote, kisha arudi. Alitusimulia hayo akicheka mpaka machozi yakamtoka. Apumzishe mikono, halafu nani ale?

Basi wakakaa chini, wakatoa dawa za Nafula, wakazigawa. Kidonge kimoja cha asubuhi walikikata nusu kwa kisu cha mboga juu ya kifuniko cha sufuria. Nusu huku, nusu kule, na unga uliobaki kwenye kisu aliulamba yule ambaye jana hakulamba. Hivyo ndivyo walivyogawana kila kitu tangu wawe wajane, kuanzia sukari mpaka sabuni, na hawakuona kwa nini dawa iwe tofauti.

Niliwakuta wakifanya hivyo mara ya kwanza nilipompelekea Nafula bahasha yake. Nilisimama mlangoni nikitazama kisu. Mmbone aliniona.

"Mukhana," aliniambia, yaani wewe msichana, "hujaona kitu."

"Ndiyo, kukhu."

"Ukisema kule, watamnyang'anya mwenzangu kitabu. Sisi wote wawili tutakaa hivi hivi."

Hilo la kunyang'anywa kitabu hakuna aliyewaambia. Walilifikiria wenyewe, na mimi nikaliamini kwa sababu lilinifaa. Nililetewa ndizi mbivu siku hiyo, nikala, nikaenda zangu.

Miezi mitatu ikafika, Nafula akabebwa kwa pikipiki kwenda kupimwa. Presha ilikuwa bado iko juu. Bila shaka ilikuwa juu, alikuwa amekula nusu. Sista alimuuliza kama anameza kila siku, naye akajibu kwa ukweli kwamba hajaruka hata siku moja. Stripu zilikuwa tupu. Daktari alikuwa mzee mwembamba aliyezungumza kama anayelipia kila neno. Aliandika kwa kalamu nyekundu, akaongeza kidonge kiwe cha nguvu mara mbili. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika sweta ya Nafula. Niliona mkono wake ukiandika. Nilijua kwa nini presha haikushuka, na nilikuwa mtu pekee katika chumba kile aliyejua na ambaye hakuwa na cha kupoteza. Nafula aliniangalia. Niliangalia sakafu.

Miezi mitatu mingine, hivyo hivyo. Daktari akaongeza dawa ya aina ya pili. Mwaka uliofuata akaongeza ya tatu. Kila alipoongeza, wake wenza walifurahi, kwa sababu sasa kila mmoja alipata nusu ya kitu kikubwa zaidi. Na kweli walianza kujisikia vizuri. Mmbone aliacha kulalamika kichwa. Nafula alipanda ngazi ya kanisa bila kushikwa. Mimi nikajiambia mambo yamejipanga yenyewe. Daktari anaandika za watu wawili bila kujua, na watu wawili wanameza. Nani ameumia?

Kuna jambo lazima niliseme hapa, ingawa kalamu inakuwa nzito. Mwaka wangu wa tatu Sista Mkuu alinipandisha cheo, kama naweza kusema hivyo. Aliniweka chumba cha nyuma kila Jumanne kumsaidia kupanga vitabu kwa vijiji. Kukaa kule nyuma kulinifundisha mengi. Niliona kwamba watu wasio na kitambulisho walikuwa wakifunguliwa vitabu. Mtu alileta barua ya chifu yenye muhuri, Sista akaandika jina, Daktari akatoa dawa kutoka kwenye sehemu aliyoitenga kwa ajili ya wazee wasiojiweza. Haikutangazwa, lakini ilikuwapo. Nilimwona Sista akiwafungulia watu kama hao kwa mikono yake.

Nilifikiri mara moja juu ya Kukhu Mmbone. Nikasema Jumanne ijayo nitaandika karatasi. Lakini niliona kwamba nikimtaja Mmbone, Sista atauliza amekuwa akitumia nini muda wote huu, na hapo yote yatatoka, na atajua kwamba nilisimama mbele ya Daktari nikanyamaza. Jumanne ikaja nikaiacha ipite. Nyingine nayo ikapita. Kadiri nilivyochelewa, ndivyo ilivyokuwa vigumu, kwa maana sasa nilikuwa na kuchelewa kwenyewe kwa kueleza. Baadaye sikuwa naahirisha tena. Nilikuwa nimeacha.

Mwaka jana, msimu wa kupanda mahindi, binti wa Mmbone aliyeolewa upande wa Bukura alijifungua mapacha, na Mmbone akaenda kumsaidia. Aliondoka na nusu zake za wiki mbili zimefungwa kwenye kitambaa. Alisema atarudi. Wiki mbili zikawa tano.

Alhamisi moja katika hizo nilipeleka bahasha kwa Nafula, bahasha tatu. Alinikaribisha chai. Alikuwa mpweke na alitaka kuongea. Akaniuliza karatasi hizi zinasemaje hasa, maana hajawahi kusomewa, yeye na mwenzake walikuwa wakikata tu. Nikamsomea. Hii moja mara moja. Hii moja mara mbili. Hii moja mara moja, asubuhi.

"Nzima?" aliuliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa, kukhu."

"Basi kwa kuwa Mmbone hayupo, nizimeze kama daktari alivyotaka. Isiwe nabakisha dawa ya serikali."

Haikuwa ya serikali, lakini sikumsahihisha. Sikumsahihisha hata lile kubwa. Nimejiuliza mara nyingi kama sikujua. Nilijua kiasi cha kutosha kuogopa. Nilikuwa nimekaa chumba cha nyuma, nilikuwa nimemsikia Sista akiwaambia watu kwamba presha ikishuka ghafla ni mbaya kama ikipanda. Lakini bahasha ilisema moja nzima, na kwangu maandishi ya Daktari yalikuwa na nguvu kuliko nilichokijua. Nikanywa chai nikaaga.

Siku ya nne asubuhi Nafula alitoka kwenda kuchuma kunde. Aliinuka pale alipoinama, dunia ikamzunguka, akaanguka kwenye mfereji ulio kando ya miwa. Nyonga ilivunjika. Alipatikana na wanawake waliokuwa wakienda kuteka maji, akiwa baridi kama samaki, na kiatu kimoja kikiwa mbali.

Alipelekwa hospitali, na kliniki ikaitwa kwa sababu ya kitabu chake. Sista Mkuu alikwenda mwenyewe na kitabu mkononi. Nilimkuta kwenye veranda akikipekua mbele na nyuma. Alikuwa akisema peke yake kwamba haelewi, mwanamke ambaye presha yake imekataa kushuka zaidi ya miaka miwili, leo imefika chini hivi, kwa dawa zile zile. Aliniona akaniuliza kama Nafula amepewa dawa nyingine na mtu, labda za miti.

Sikuwa na karatasi. Nilisema kwa mdomo. Nilisema wamekuwa wakigawana, yeye na mke mwenzake, nusu kwa nusu, na mwenzake hayupo.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo, Sista."

Alifunga kitabu.

"Ulisimama pale ukamwangalia Daktari akiandika," alisema. "Ukamwangalia akiandika, Metrine."

Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Daktari aliniita kesho yake. Hakuwa na hasira pia. Alisema ameandika dawa za mtu ambaye hayupo, na angeweza kumuua aliyepo. Alisema kosa ni lake pia kwa kuamini stripu tupu. Kisha akasema, kwa yale maneno yake machache, kwamba tangu sasa hakuna kitabu kitakachobebwa na mtu mwingine. Bima nayo ilikuwa imeleta mashine ya vidole wiki zile zile, na ilitaka mgonjwa mwenyewe abandike kidole ndipo dawa itoke. Ile sehemu ya dawa za wazee wasiojiweza ilifungwa, kwa kuwa kila kidonge sasa kililazimika kuwa na kidole chake. Barua za chifu hazikupokelewa tena.

Ndivyo kazi yangu ilivyokwisha. Hakukuwa na sherehe. Karani wa Mapokezi alinirudishia mfuko wangu wa nailoni uliokuwa umesahaulika chini ya meza. Siku hiyo hakuniita Mama Vitabu. Aliniambia niende salama, nikaona ni afadhali angenitania.

Mmbone alirudi kutoka Bukura aliposikia mwenzake ameanguka. Nusu zake zilikuwa zimekwisha tangu wiki ya tatu. Sista Mkuu aliomba aletwe, akampima, akatikisa kichwa, akampa vidonge vya siku kumi alivyovitoa mwenyewe sijui wapi. Wakambandika kidole kwenye mashine mpya. Kidole gumba, cha shahada, vyote kumi. Mashine ilitoa mlio ule ule kila mara. Mmbone alicheka, akawaambia wasisumbuke, hata kule kwa kitambulisho vilikataa, vidole vyake vimeenda likizo. Sista alitoka nje akaenda kusimama kwenye ua.

Siku kumi zikaisha. Nafula alikuwa amerudi nyumbani, hawezi kutembea bila fimbo mbili, dawa zake zimerudishwa kuwa kidonge kimoja kidogo. Asubuhi hiyo nilikuwapo, nilikuwa naenda kuwachotea maji. Nafula alitoa kidonge chake, akaomba kisu.

"Lete mkono, Mmbone."

"Meza chako."

"Nimesema lete mkono. Ni lini nilikula kitu peke yangu katika boma hili?"

"Ulikila siku nne, ukaenda kulala kwenye mfereji," Mmbone alisema, naye hakuwa akicheka. "Hicho ni chako, dada. Chote. Mimi nikikuona na kisu tena nitakitupa chooni."

Nafula alimeza huku akilia. Mmbone alimshikia kikombe.

Mmbone alikaa hivyo bila dawa muda kidogo tu. Siku moja alikuwa akichambua murere mlangoni, mboga zikamtoka mkononi, na Nafula alipomsemesha jibu lilikuja upande mmoja wa mdomo. Pikipiki ilimfikisha Malava, katikati ya njia, akiwa hai. Hakufika Kakamega.

Wale wengine kumi na watatu niliowabebea, wengine sasa hubebwa wenyewe kila mwezi wakiwa wamefungwa kwa leso mgongoni mwa dereva wa pikipiki, ili kidole chao kifike. Wawili wameacha dawa. Babu yangu ni mmoja wao. Anasema kidole chake hakitasafiri tena mpaka siku ya kuzikwa. Nimemsihi. Mimi siku hizi napalilia miwa ya watu.

Mtu aliyestaafu hutarajiwa kusema amejifunza nini. Nimejaribu kuandika sehemu hii mara nyingi na kuichana. Nyie mnaobeba vitabu, au mnaotuma ujumbe wa dawa kwa simu kwa niaba ya nyanya zenu, semeni. Semeni siku ile ile mnapoona, hata kama sauti inatetemeka, hata kama mnadhani wakubwa watakasirika. Hilo ni kweli na halinisaidii kitu. Kuna watu wameniambia nisijilaumu, kwamba ni mashine, kwamba ni bima, kwamba ni uzee. Wana haki yao. Ila hao hawakuwa ndani ya chumba siku Daktari alipochukua kalamu nyekundu.

Mwezi uliopita Kukhu Nafula alituma niitwe. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba yake na ungo wa maharagwe, mlango wa nyumba ya pili umefungwa kwa kamba. Nilikaa chini nikaanza kuchambua naye. Tulichambua nusu ya ungo. Kisha akauliza, bila kuinua macho, kama siku ile ya kwanza Daktari alipoongeza dawa, nilijua ni kwa sababu ya kugawana kwao.

"Nilijua, kukhu."

Akaendelea kutoa mawe.

"Na ungesema siku hiyo, Mmbone angepewa zake?"

Ningeweza kumwambia sijui. Nimewaambia watu wengi sijui katika maisha yangu.

"Angepewa," nilisema. "Wakati huo ilitosha barua ya chifu."

Alisimama kwa shida, akakataa mkono wangu, akachukua ungo na fimbo moja. Nyingine ilibaki imeegemea ukuta. Aliingia ndani akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Sijaitwa tena.